Mkono mwembamba, saa ya nusu milioni: pima kabla hujatuma pesa

Saa ya kuzamia ni chombo cha kazi ambacho wengi wetu tunakivaa ofisini, kanisani na kwenye harusi. Hakuna ubaya. Pesa ni yako na mkono ni wako. Lakini nina msimamo mmoja ambao nitautetea hapa: kama uko na mkono mwembamba, usitume hata shilingi moja ya saa ghali, iwe dipoziti au bei nzima, kabla hujajua urefu wa hiyo saa na upana wa mkono wako. Usiangalie jina la kampuni kwanza, wala ile namba ya kina cha maji iliyoandikwa usoni mwa saa, wala picha ya Instagram. Vipimo vinatangulia, pesa inafuata.

Mbona niwe mkali hivyo? Kwa sababu ya hesabu. Chukua Tudor Black Bay 54. Ilipozinduliwa mwaka 2023, bei yake Marekani ikiwa na cheni ya chuma ilikuwa dola 3,850. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 129, hiyo ni karibu shilingi 497,000, kabla hujagusa ushuru na usafirishaji. Na katika ukoo wa saa za kifahari, hiyo bado ni ya ngazi za chini. Kwa Mkenya wa kawaida mwenye kazi nzuri, hiyo ni akiba ya SACCO ya miaka, ama mwanzo wa ploti. Mtu akiamua kuiweka mkononi, basi angalau ikae vizuri.

Tena saa haifanani na shati. Shati likikupwaya, fundi cherehani atalibana. Cheni ya saa ikiwa ndefu, fundi saa atatoa vipande viwili vitatu na itakutosha. Lakini hakuna fundi anayeweza kufupisha bodi ya saa. Ikiwa imepita kingo za mkono wako leo, itapita kesho na mwaka ujao. Utabaki na njia mbili: uivae ukijua haikukai, ama uiuze kama mtumba kwa mtu atakayekupigia bei ya mtumba. Ni kweli kuna modeli chache zinazoshika bei sokoni. Lakini kununua kitu ukitegemea kwamba ukikosea utakiuza ni kununua wasiwasi.

Kipenyo kinadanganya

Muulize muuzaji saa ni ya ukubwa gani, naye atakutajia kipenyo: 39, 41, 42. Hizo ni milimita za upana wa bodi. Ni namba muhimu, lakini kwa mkono mwembamba si namba inayoamua.

Inayoamua ni urefu kutoka sikio hadi sikio. Masikio ya saa ni zile ncha nne zinazoshika mkanda, mbili juu na mbili chini. Weka rula kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini, hapo umepata urefu wa kweli wa saa juu ya mkono. Ukipita sehemu bapa ya mkono wako, zile ncha zitaning'inia hewani, mkanda utashuka wima kama ngazi, na kila mtu ataona kwamba saa ni ya mtu mwingine.

Angalia mifano hii. Tudor Black Bay 58 ina kipenyo cha milimita 39. Rolex Submariner ya sasa, tangu mwaka 2020, ina 41. Ukisikia hizo namba mbili utafikiri Submariner ni kubwa zaidi kwa mbali. Lakini sikio hadi sikio, zote mbili zinakaribia milimita 48. Kwa urefu, mkono wako hautaona tofauti kubwa.

Sasa angalia Doxa Sub 300. Kipenyo chake ni milimita 42.5, na wengi wenye mkono mwembamba wataikataa kabla hata ya kuishika. Kumbe urefu wake ni milimita 45 pekee, mfupi kuliko wa Black Bay 58. Bodi yake ni ya mviringo na masikio yamejificha chini. Na ile Black Bay 54 niliyotaja juu ina kipenyo cha 37 na urefu wa takriban 46. Ni ndogo kwa kipenyo, lakini bado ni ndefu kidogo kuliko Doxa inayoonekana kama sahani.

Omega Seamaster Diver 300M, ambayo wengi wanaijua kwa sababu ya filamu za James Bond, ina kipenyo cha 42 na urefu wa karibu milimita 50. Ni saa nzuri sana. Lakini kama sehemu bapa ya mkono wako ni milimita 48, uzuri wake hautakusaidia.

Kina cha maji kinalipiwa kwa unene

Namba ya pili ambayo watu wanaipuuza ni unene. Hapa ndipo saa za kuzamia zinajitofautisha na saa za suti, kwa sababu zimejengwa kustahimili shinikizo la maji. Kila mita 10 unazoshuka baharini huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya ufuo. Kuna kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 6425, ambacho kinataka saa ya mbizi istahimili angalau mita 100, na saa hupimwa kwa shinikizo lililozidi kina chake kwa asilimia 25. Kioo lazima kiwe kinene, mgongo wa saa uwe imara, na mipira ya kuzuia maji iwe ya kuaminika. Kadiri kina kinavyoongezeka, ndivyo saa inavyozidi kunenepa.

Tudor Pelagos ya milimita 42 inaenda mita 500 na ina unene wa zaidi ya milimita 14. Ndugu yake mdogo, Pelagos 39, inaenda mita 200 na ina unene usiofika 12. Rolex Deepsea inaenda mita 3,900, na unene wake unakaribia milimita 18. Omega Seamaster Ultra Deep inaenda mita 6,000, kipenyo chake ni 45.5 na unene umepita 18.

Sasa jiulize: utashuka mita ngapi? Mbizi ya burudani, ile ya watalii na wapenzi wa bahari, ina mpaka wa mita 40. Mwenye cheti cha kwanza cha kuzamia anashauriwa asipite mita 18. Ukienda kuona matumbawe Watamu, Diani ama Kisite, saa ya mita 200 inakutosha na inabaki. Ile mita 3,900 hutaitumia hata siku moja. Unachonunua ni mnara juu ya mkono wako, utakaogonga kila fremu ya mlango na kukataa kuingia chini ya kikofi cha shati.

Kwa mkono mwembamba, unene una shida nyingine. Saa nene ina kichwa kizito, na kichwa kizito juu ya mkono mdogo hupenda kuzunguka hadi upande. Utashinda siku nzima ukiirudisha juu. Kama unapenda saa yenye mwili kidogo, angalia za titani. Titani ina uzito wa karibu nusu ya chuma cha pua kwa ujazo uleule, na utasikia tofauti jioni.

Maoni yangu: milimita 12 ndio unene wa kutafuta, na 13 na nusu ndio mwisho. Zaidi ya hapo uwe na sababu ya kweli, na sababu hiyo iwe ndani ya maji.

"Hiyo ni saa ya kike"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwanaume mwenye mkono mwembamba anaingia dukani, anapenda saa ya milimita 37, halafu rafiki anamwambia ati hiyo ni ya kike. Anatoka na ya 43. Naye dada anayetaka saa ya kuzamia ya kweli anapelekwa kwenye kona ya saa ndogo zenye vijiwe vinavyometameta, zisizo na bezeli ya kuhesabu dakika.

Historia iko upande wa mikono yetu. Rolex Submariner za kwanza, mwaka 1953 na 1954, zilikuwa ndogo kuliko ya leo, karibu milimita 37 na 38. Tudor walitoa saa yao ya kwanza ya kuzamia mwaka 1954, modeli namba 7922, ikiwa na milimita 37. Ndiyo iliyoipa Black Bay 54 jina na kipimo chake. Baadaye jeshi la majini la Ufaransa lilitumia saa za Tudor kazini kwa miaka mingi. Hakuna aliyewaambia wapiga mbizi wa jeshi waliovaa hizo Tudor za mwanzo kwamba kipimo chao ni cha watoto.

Ni kweli kulikuwa na kubwa pia. Blancpain Fifty Fathoms ya mwaka 1953, iliyotengenezwa kwa wapiga mbizi wa kijeshi wa Ufaransa, ilikuwa na milimita 42, na kwa wakati huo hiyo ilikuwa saa kubwa. Ilikuwa kubwa kwa sababu ya kazi: namba zisomeke gizani na kwenye maji yaliyochafuka, na ivaliwe juu ya suti ya kuzamia, si juu ya ngozi. Toleo lililokuja kuwa maarufu miaka ya karibuni lilifika milimita 45. Sababu ya kazi ilibaki nyuma, ukubwa ukaendelea mbele.

Nimesomea masoko, kwa hivyo naomba niseme jambo moja kuhusu matangazo. Tangazo la saa haliuzi vipimo. Linauza bahari, kina, shujaa wa filamu, na ule mkono mnene wenye mishipa. Au saa inapigwa picha peke yake kwenye mandhari meusi, bila mkono wowote, ili usiwe na cha kulinganishia. Hiyo si ulaghai, ndiyo kazi ya tangazo. Kazi yako wewe mnunuzi ni kuleta rula.

Na ukubwa hauonyeshi hadhi. Mtu anayejua saa akiona masikio yaliyopita mkono haoni utajiri. Anaona haraka ya kununua.

Pima nyumbani, bure

Hii kazi haihitaji mtaalamu. Unahitaji uzi, rula, kipande cha sanduku la karatasi ngumu na dakika kumi.

Kwanza, zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono mahali ambapo saa hukaa, kisha ulaze kwenye rula. Hapo umepata mzunguko. Chini ya sentimita 16.5 wengi huuita mkono mdogo. Lakini mzunguko pekee hautoshi, kwa sababu mikono miwili yenye sentimita 16 inaweza kuwa na umbo tofauti kabisa: mmoja bapa kama ubao, mwingine wa mviringo kama chupa.

Pili, pima sehemu bapa. Laza mkono mezani kiganja kikiangalia chini, weka rula juu ya kifundo, na usome ni milimita ngapi kabla mkono haujaanza kupinda kushuka pembeni. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike kwenye simu.

Tatu, toa milimita mbili au tatu kwenye hiyo namba. Tuseme sehemu bapa yako ni milimita 50. Tafuta saa yenye urefu wa 47 au 48 kushuka chini. Sehemu bapa ikiwa 48, angalia zile za 45 na 46.

Nne, kata karatasi ngumu yenye urefu na upana wa saa unayoitaka, uiweke mkononi, usimame mbele ya kioo kikubwa hatua mbili nyuma. Usitumie kamera ya simu kwa karibu, kwa sababu lenzi ya simu hukuza kilicho karibu nayo, na saa yoyote itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Watu watakuona kutoka mbali kidogo, basi nawe jione kutoka mbali kidogo.

Tano, ukifika dukani usisahau cheni. Kuna cheni ambazo kipande cha kwanza kinatoka nje wima kabla ya kupinda, na hapo urefu wa saa unaongezeka bila kuandikwa popote. Angalia pia kifungo chake chini ya mkono. Kikiwa kirefu na kilichonyooka, kitakaa kama ubao chini ya mkono wa mviringo. Hapa Kenya, ambapo mchana wa Mombasa unaweza kuuvimbisha mkono, kifungo kinachorekebishika bila vifaa kina faida. Kile cha Tudor kinachoitwa T-fit kinakupa nafasi ya milimita 8, na Glidelock ya Rolex inafika karibu milimita 20.

Kama saa ni zawadi, tuseme chama kimechanga kumpa mwenzao anayestaafu, mpime naye. Ukitaka iwe siri, muulize mkewe au mumewe akupimie saa anayoivaa sasa, sikio hadi sikio. Ni afadhali siri ipungue kidogo kuliko watu 20 kuchanga pesa ya saa itakayolala kabatini.

Sasa tuje kwa pesa

Utanielewa kwa nini naandika haya mahali ambapo watu husoma kuhusu malipo ya simu. Kutuma pesa kumekuwa rahisi hadi tunatuma kabla ya kufikiri. Muuzaji anaandika "ziko mbili tu zimebaki, tuma dipoziti nikushikie," na kabla hujamaliza kusoma, kidole kiko kwenye PIN. Saa yenyewe hujaiona. Hujui urefu wake. Hujui hata kama ipo.

Kumbuka kwamba kurudishiwa pesa kuna mipaka. Kwa M-Pesa, ukikosea nambari unaweza kutuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 na kuomba urudishiwe. Hiyo ni ya pesa iliyoenda kwa mtu asiye sahihi. Haikuwekwa kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa mtu sahihi kununua saa isiyo sahihi. Ukishamlipa muuzaji uliyemkusudia, makubaliano yenu ndiyo kinga yako, na kama hamkuandikiana chochote, huna kinga.

Kwa hivyo, kabla ya dipoziti, omba vitu vitatu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Picha ya saa yenyewe ikiwa na rula kando yake, sikio hadi sikio. Ruhusa ya kuijaribu mkononi kabla ya kumaliza malipo. Na neno wazi kuhusu kurudisha: siku ngapi, kwa hali gani, na pesa itarudi kwa njia gani. Muuzaji wa kweli hatachukizwa na maswali haya. Anayekasirika kwa kuulizwa urefu wa saa ya nusu milioni amekuokolea nusu milioni.

Wakati wa kulipa, lipa dukani kwa nambari ya till ya biashara, na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Kama duka ni moja na jina kwenye simu ni la mtu mwingine kabisa, simama. Uliza. Usikubali maelezo ya ati till imeharibika, tuma kwa namba ya fundi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi huliona kama usumbufu, mimi naliona kama msaada. Kwa M-Pesa muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku hauwezi kupita 500,000. Maana yake saa ya bei hii haiwezi kulipwa kwa kubonyeza mara moja. Tumia hiyo nafasi. Lipa sehemu ya kwanza ukishaijaribu mkononi na vipimo vimekubali. Lipa ya pili baada ya kuona namba ya siri iliyochongwa kwenye saa inalingana na ile iliyo kwenye kadi ya dhamana, na cheni imeshapunguzwa hadi ikakutosha. Rolex, Omega na Tudor hutoa dhamana ya miaka mitano kwa saa zao mpya, kwa hivyo kadi hiyo ni sehemu ya unacholipia. Kama kiasi ni kikubwa zaidi, pitia benki, lakini mpangilio ubaki uleule.

Na kama unahitaji mkopo wa simu ili ukamilishe bei, hiyo saa bado haijawa yako. Isubiri. Black Bay 58 ilitoka mwaka 2018 na ukoo wake bado uko sokoni. Kampuni hizi hazifungi duka kesho.

Najua wapo watakaosema kwamba saa ni mapenzi, na mapenzi hayapimwi kwa rula. Sawa. Penda unayoipenda. Lakini kama una mkono wa sentimita 15 na umeipenda ile ya milimita 45, nenda ukaivae dukani nusu saa nzima, si dakika mbili. Kunja mkono, andika kitu, vaa shati la mikono mirefu, shika simu sikioni. Ikiwa bado unaitaka baada ya hapo, utakuwa umeichagua ukijua unachokipata, na hiyo ni haki yako. Ninachopinga ni kuitumia nusu milioni kwa kukisia, wakati jibu liko kwenye uzi na rula ya shilingi ishirini.